Nyaya za kompyuta nyumbani

Nyaya za kompyuta nyumbani ni jumla ya nyaya zinazopeleka umeme na data kwenye kompyuta ya mezani na vifaa vinavyoambatana nayo, kama vile skrini, printa, spika na ruta ya intaneti. Kuzipanga upya maana yake ni kuzichomoa zote, kuzikagua, kuondoa zilizochakaa na kuzirudisha kwa utaratibu ambao kila waya unajulikana unatoka wapi na unakwenda wapi.

Kazi hii huonekana kuwa ni usafi wa meza tu, lakini inahusu pia usalama wa nyumba. Waya uliobeba mzigo kupita uwezo wake, au uliolegea kwenye plagi, hupata joto na unaweza kuanzisha moto. Kompyuta isiyofikiwa na waya wa ardhi inaweza kumpiga mtu shoti.

Katika Nyanda za Juu za Kusini nchini Tanzania, hasa katika mikoa ya Mbeya na Iringa, kuna mambo matatu yanayoongeza umuhimu wa kazi hii: radi za msimu wa mvua, hita zinazotumika wakati wa baridi, na wingi wa kompyuta zilizotumika zinazoletwa kutoka nchi zenye plagi na volti tofauti.

## Umeme wa nyumbani

Umeme unaosambazwa majumbani na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) ni wa volti 230 na mzunguko wa hezi 50. Mbeya na Iringa zimeunganishwa na gridi ya taifa, ambayo sehemu ya umeme wake hutoka katika mitambo ya maji ya mabonde ya Ruaha Mkuu na Kihansi. Mitambo hiyo ni Kidatu (megawati 204), Mtera (megawati 80) na Kihansi (megawati 180).

Ndani ya nyumba umeme hupita kwenye mita ya LUKU, swichi kuu na visanduku vya kukatia umeme, kisha huenda kwenye soketi za ukutani. Kila soketi ina matundu matatu: la umeme hai, la nyutro na la ardhi. Waya wa ardhi huishia kwenye fimbo ya chuma iliyozamishwa ardhini karibu na nyumba. Kwa kuwa udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida, fimbo fupi inaweza kufanya kazi vizuri wakati wa mvua na vibaya wakati wa kiangazi. Kwa sababu hiyo fundi hupaswa kuipima na hatosheki kuitazama kwa macho.

## Aina za nyaya

Nyaya za kompyuta hugawanyika katika makundi mawili.

Nyaya za umeme hubeba volti 230 kutoka kwenye soketi hadi kwenye kompyuta, skrini au printa. Baadhi ya vifaa, kama ruta na spika ndogo, hutumia adapta inayoshusha volti hizo hadi 12 au chini ya hapo.

Nyaya za data hubeba ishara za volti ndogo sana. Miongoni mwake ni:

- waya wa skrini, ambao katika mashine za zamani ni wa VGA na katika mpya ni wa HDMI au DisplayPort;
- nyaya za USB za kibodi, kipanya na printa. Waya wa USB 2.0 usizidi mita 5;
- waya wa mtandao wa Ethaneti, ambao unaweza kufika mita 100;
- waya wa faiba, ambao hupitisha mwanga badala ya umeme. Huu haupaswi kukunjwa kwa kona kali kwa sababu kioo kilicho ndani yake huvunjika.

Makundi haya mawili hupitishwa njia tofauti. Waya wa umeme ukilala sambamba na waya wa data kwa urefu mkubwa unaweza kuuingizia kelele, ambayo katika spika husikika kama mvumo na katika skrini ya VGA huonekana kama mawimbi. Pale ambapo lazima zikutane, hukatishwa kwa pembe mraba.

## Plagi, fyuzi na waya wa ardhi

Plagi ya kawaida nchini Tanzania ni ya pini tatu bapa, yenye asili ya Uingereza. Katika nyumba za zamani bado huonekana soketi za pini za duara. Ndani ya plagi bapa kuna fyuzi, ambayo kazi yake ni kulinda waya. Mkondo ukizidi kiasi chake, fyuzi huungua kabla waya haujaungua. Fyuzi ya ampea 3 hutosha kifaa cha hadi wati 700 hivi, na fyuzi ya ampea 13 ni ya vifaa vikubwa kama pasi na birika la umeme. Kompyuta ya mezani kwa kawaida hutumia fyuzi ya ampea 5 au chini yake. Kuziba nafasi ya fyuzi kwa kipande cha waya au karatasi ya sigara huondoa ulinzi wote, kwani waya wenyewe ndio utakaoungua.

Rangi za nyaya ndani ya plagi ni kahawia kwa umeme hai, bluu kwa nyutro na kijani chenye mstari wa njano kwa ardhi. Katika nyumba zilizowekewa umeme zamani, nyaya za ukutani zinaweza kuwa nyekundu, nyeusi na kijani kwa mpangilio huohuo.

Pini ya ardhi ni ndefu kuliko nyingine mbili kwa sababu mbili. Kwanza, hugusana na soketi kabla umeme haujafika kwenye kifaa. Pili, hufungua vifuniko vidogo vya plastiki vinavyoziba matundu ya umeme ili mtoto asiweze kuingiza kitu. Watu wengi huvifungua vifuniko hivyo kwa kuchomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la ardhi ili kuingiza plagi ya pini mbili. Kufanya hivyo kuna madhara matatu: plagi hukaa imelegea, fyuzi ya plagi haipo, na waya wa ardhi haujaunganishwa. Chaja ndogo ya simu haihitaji ardhi, lakini kompyuta ya mezani yenye kasha la chuma inaihitaji.

## Kompyuta zilizotumika

Kompyuta nyingi za majumbani, shuleni na katika vituo vya huduma za kompyuta ziliwahi kutumika Ulaya au Marekani. Mashine hizo zina mambo mawili ya kukaguliwa kabla ya kuwashwa.

La kwanza ni volti. Umeme wa majumbani Marekani ni wa volti 120. Vipoza umeme vya kompyuta za zamani vina swichi ndogo nyuma, mara nyingi nyekundu, iliyoandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Mashine iliyoachwa kwenye 115 ikichomekwa Tanzania huharibika papo hapo, mara nyingi kwa mlio na moshi. Vipoza umeme vipya vyenye maandishi "100–240V" hujirekebisha vyenyewe. Kifaa kilichoandikwa 120V peke yake hakichomekwi bila transfoma.

La pili ni plagi. Mashine za Ulaya bara huja na plagi nene ya duara yenye pini mbili, ambayo ardhi yake iko kwenye vipande vya chuma ubavuni. Plagi hiyo ikilazimishwa kwenye soketi ya Tanzania, au ikiunganishwa kwa adapta ya bei nafuu isiyo na ardhi, kompyuta huwaka kama kawaida lakini kasha lake hubaki bila ardhi. Mtu akiligusa kwa upande wa mkono, hasa akiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji, huhisi kutekenywa. Chanzo chake ni vichujio vilivyo ndani ya kipoza umeme, ambavyo vimeunganishwa na kasha. Bila ardhi, kasha huweza kufikia takriban nusu ya volti za umeme, yaani volti 115 hivi. Mkondo wake ni mdogo na kwa kawaida haumdhuru mtu, lakini ni onyo: siku waya hai utakapogusa kasha kwa hitilafu, hakuna njia ya ardhi ya kuubeba umeme huo wala ya kuunguza fyuzi, na anayeligusa ndiye atakayekuwa njia.

Dawa yake ni rahisi. Waya wa umeme wa kompyuta huchomoka nyuma ya mashine, na wenye plagi ya pini tatu bapa hupatikana katika maduka ya vifaa vya kompyuta. Hubadilishwa waya wote, wala haikatwi plagi na kuungwa nyingine kwa tepu.

## Mzigo wa ekstensheni

Meza ya kompyuta mara nyingi hutegemea soketi moja ya ukutani, na vifaa vyote hupitia ekstensheni. Kila ekstensheni ina kikomo kinachotegemea unene wa shaba iliyo ndani yake:

- milimita mraba 0.75: ampea 6
- milimita mraba 1.0: ampea 10
- milimita mraba 1.25: ampea 13
- milimita mraba 1.5: ampea 16

Kiasi hiki huchapishwa kwenye ganda la waya. Mkondo wa kifaa hupatikana kwa kugawanya wati zake kwa volti. Kompyuta na skrini vinavyotumia wati 200 huchukua 200 ÷ 230, yaani ampea 0.87. Hita ya wati 2,000 huchukua ampea 8.7.

Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Iringa kama mita 1,500. Kati ya Juni na Agosti usiku huwa wa baridi, na hita huchomekwa palipo na nafasi, mara nyingi kwenye ekstensheni ya kompyuta. Joto linalotokea ndani ya waya huongezeka kwa mraba wa mkondo, hivyo mkondo ukiwa mara 10, joto huwa mara 100. Ekstensheni ya mita 10 yenye shaba ya milimita mraba 0.75 ina ukinzani wa karibu omu 0.46, kwenda na kurudi. Ikibeba kompyuta peke yake, waya wote hutoa joto la wati 0.35 tu. Ikibeba hita, hutoa wati 35. Waya ukiwa umenyooshwa hewani, joto hilo hutawanyika; ukiwa umeviringishwa na kufungwa fundo chini ya zulia, hubaki mahali pamoja na kulainisha plastiki.

Kompyuta na hita kwa pamoja huchukua ampea 9.57. Kiasi hicho ni chini ya 13, hivyo fyuzi ya plagi haiungui, lakini kimeupita uwezo wa waya wa ampea 6. Kwa hiyo fyuzi iliyotulia si ushahidi kwamba waya uko salama. Hita, pasi na birika huchomekwa moja kwa moja ukutani. Vilevile ekstensheni haichomekwi kwenye ekstensheni nyingine, kwa sababu ya kwanza hubeba mzigo wa zote.

Wakati wa kununua, hutazamwa alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), maandishi ya ampea, na uzito. Ekstensheni nyepesi kupita kiasi kwa kawaida ina shaba chache.

## Radi na kukatika kwa umeme

Nyanda za Juu za Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na mvua nyingi huja na radi. Radi si lazima ipige nyumba ili iharibu kompyuta. Ikipiga karibu na nguzo za umeme, wimbi la volti kubwa husafiri kwenye nyaya hadi ndani. Wimbi hilo linaweza pia kuingia kwa waya wa dishi, wa antena au wa mtandao uliopita nje ya nyumba.

Kuzima kompyuta au swichi ya soketi hakutoshi, kwa kuwa nafasi ndani ya swichi ni ya milimita chache tu na radi huweza kuiruka. Kinachosaidia ni kuchomoa plagi ukutani, na kuchomoa waya wa mtandao kwenye kompyuta, kabla radi haijakaribia. Radi ikiwa imeshakaribia, nyaya haziguswi. Hapa ndipo mpangilio mzuri unapofaa: vifaa vyote vya meza vikiwa kwenye ekstensheni moja inayofikika, huchomolewa kwa mara moja.

Vifaa vinavyotumika kulinda kompyuta hutofautiana kazi:

- Kinga ya mawimbi hupunguza volti za ghafla kwa kuzipeleka sehemu nyingine. Zile zinazotegemea waya wa ardhi hazina nguvu kamili bila huo, na hakuna inayohimili radi iliyopiga moja kwa moja.
- Stabilaiza hurekebisha umeme unaopanda na kushuka. Haina betri.
- UPS ina betri inayompa mtumiaji muda wa kuhifadhi kazi yake umeme ukikatika. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84, hivyo kompyuta ya wati 150 haifiki hata nusu saa. Printa ya leza haichomekwi kwenye UPS, kwa kuwa inapopasha moto huvuta mkondo mkubwa.

Umeme uliokatika ukirudi, volti huweza kuyumba kwa muda. Ni vizuri kuchomoa au kuzima vifaa ulipokatika na kungoja dakika chache baada ya kurudi.

## Vumbi, maji na panya

Wakati wa kiangazi vumbi huingia ndani ya nyumba na kujikusanya katikati ya nyaya zilizosongamana. Vumbi huziba matundu ya hewa ya kompyuta, na likipata unyevu huweza kupitisha umeme kati ya pini za plagi. Ekstensheni iliyolala sakafuni hufikiwa na maji wakati wa kudeki. Panya nao hutafuna plastiki ya nyaya, hasa nyuma ya makabati na kwenye dari. Kwa hiyo ekstensheni hupigiliwa ukutani au chini ya ubao wa meza, kwa skrubu zinazopita kwenye matundu yake maalumu, wala si kwa msumari uliopita karibu na waya.

## Hatua za kupanga upya

1. Kazi zote huhifadhiwa, kompyuta huzimwa, na plagi huchomolewa ukutani. UPS nayo huzimwa kwa swichi yake, kwa sababu inaendelea kutoa volti 230 hata ikiwa imechomolewa.
2. Mpangilio uliopo huchorwa kwenye karatasi au kupigwa picha kwa simu.
3. Kila waya hubandikwa kipande cha karatasi na selotepu ncha zote mbili: "skrini", "printa", "ruta".
4. Nyaya zote huchomolewa kwa kushika plagi, si kwa kuvuta waya. Zile ambazo hazina kazi huwekwa pembeni.
5. Vumbi hufutwa kwa kitambaa kikavu.
6. Kila waya hupitishwa mkononi kutoka ncha hadi ncha. Waya wenye ganda lililopasuka, ulioungwa kwa tepu, wenye plagi yenye weusi wa kuungua au plastiki iliyolainika huondolewa kabisa.
7. Ekstensheni hufungwa mahali pa juu, pakavu na panapofikika.
8. Nyaya za umeme hupitishwa upande mmoja wa meza na za data upande wa pili. Urefu uliozidi hukunjwa kwa mikunjo mipana.
9. Nyaya hufungwa kwa vitambaa vya kunata au vifungio vya plastiki bila kukazwa. Huachwa ulegevu kidogo ili mashine ivutwe bila kung'oa waya.
10. Nyaya za data huunganishwa kwanza, za umeme baadaye, na plagi ya ukutani mwisho.
11. Baada ya nusu saa ya matumizi, plagi na ekstensheni hupapaswa kwa nje. Uvuguvugu wa adapta ni wa kawaida, lakini plagi yenye moto huchomolewa na kutafutiwa sababu.

Kipoza umeme cha kompyuta hakifunguliwi katika kazi hii. Vihifadhi chaji vilivyo ndani yake hubeba zaidi ya volti 300 na huweza kubaki nazo baada ya waya kuchomolewa.

## Kazi ya fundi

Mwenye nyumba anaweza kupanga kila kitu kilicho upande wa plagi. Kilicho upande wa ukuta, yaani kuongeza soketi, kubadilisha visanduku vya kukatia umeme au kuweka fimbo ya ardhi, ni kazi ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Vyuo vya VETA vya Mbeya na Iringa hufundisha ufundi umeme, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) hutoa masomo ya uhandisi wa umeme. Dalili za kumwita fundi ni soketi yenye joto au weusi, swichi inayocheza, kisanduku kinachojikata mara kwa mara na kasha la kompyuta linalotekenya hata likiwa na plagi ya pini tatu.

## Moto au shoti ikitokea

Moto ukianza kwenye nyaya, kwanza hukatwa umeme kwenye swichi kuu. Maji hayamwagwi kwenye kifaa chenye umeme. Hutumika kizimamoto cha unga mkavu au cha kaboni dayoksaidi, au mchanga mkavu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa kwa namba 114 bila malipo. Moto ukikua, watu hutoka nje na vitu huachwa.

Mtu aliyenaswa na umeme hashikwi kwa mkono mtupu. Umeme hukatwa, na ikishindikana husukumwa kwa mti mkavu, msaidizi akiwa amesimama mahali pakavu. Aliyepoteza fahamu hupelekwa hospitali haraka, na ikiwa hapumui huanzishiwa huduma ya kwanza palepale.

## Nyaya chakavu

Nyaya zilizoondolewa zina shaba yenye thamani, na wanunuzi wa vyuma chakavu huzinunua. Kuzichoma moto ili kuondoa plastiki ni hatari: plastiki ya PVC ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni inayochoma macho na mapafu, pamoja na dioksini, sumu inayodumu muda mrefu katika udongo na mafuta ya wanyama. Ganda la waya huchunwa kwa kisu au mashine. Tanzania ilitunga mwaka 2021 kanuni za kusimamia taka za vifaa vya umeme na elektroniki chini ya sheria ya mazingira.

Waya ulioondolewa kwa sababu ya ubovu hukatwa plagi yake kabla ya kutupwa, ili mtoto au jirani asiuokote na kuuchomeka tena.

## Tazama pia

- Kompyuta
- Umeme
- Radi
- Mkoa wa Iringa
- Mkoa wa Mbeya